Kiraka cha bomba la majitaka bila kuchimba: tumekijaribu Mwanga, Kigoma

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo niko Mwanga, hapa Kigoma mwisho wa reli, uani kwa mama mmoja aliyetukubalia tufanye kazi nyumbani kwake huku tunarekodi. Mama, asante sana. Hapa mbele yangu kuna boksi ambalo wengi mmekuwa mkiniulizia: kifaa cha kubandika kiraka ndani ya bomba la majitaka bila kuchimba chini. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu maboksi ya aina hii yako mengi na vilivyomo ndani vinafanana. Nachambua kazi yake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama bomba limeharibika sehemu moja, na sehemu hiyo iko chini ya sakafu, chini ya ukuta au chini ya barabara ya zege, kifaa hiki kinastahili pesa yake. Kama bomba liko nje kwenye udongo mtupu, futi mbili tu kwenda chini, chukua sululu, kata kipande kibovu, weka kipya, fukia. Usiingie gharama ya bure.

Sasa njooni tuone shida ya hapa. Choo cha ndani kinajaa, kinazibuliwa, kinajaa tena. Ukuta wa korido unapiga unyevu chini hata kiangazi. Mama alikuwa ameshaambiwa korido nzima ivunjwe, vigae vyote viondoke, ndipo bomba litafutwe. Litafutwe! Yaani unavunja nyumba ya mtu hujui hata tatizo liko wapi. Mimi hilo silikubali. Kabla ya tindo, kabla ya boksi hili, inapita kamera.

Tazameni picha. Tumeingilia kwenye chemba ya nyuma, bomba ni PVC la inchi 4, yaani milimita 110. Waya wa kamera una alama za mita, kwa hiyo tunajua tulipo. Maji yanatiririka vizuri... hapa safi... hapa safi... haya, simama hapo. Mnaona vile vinyuzi vya kahawia vinavyoning'inia kutoka juu? Ni mizizi. Imepenya kwenye maungio, mpira wa kuzuia maji umesogea, na upande wa kulia kuna ufa unaoanzia hapo na kwenda kama shubiri moja. Ule mwembe wa mpakani ndio unaokunywa hapa. Mizizi inafuata unyevu, ikipata upenyo inaingia ikiwa myembamba kuliko uzi, kisha inanenepa ndani na kukamata karatasi na uchafu. Ndiyo maana mkizibua bila kuufunga mlango wake, inarudi. Na sisi watu wa Kigoma na Ujiji miembe hatuikati hovyo, wala sitaki mtu aukate huu.

Kamera imetuambia jambo lingine kubwa: bomba lililobaki ni zima na mteremko wake uko sawa. Hilo ndilo linaloamua. Bomba lililobonyea na kufanya tumbo, maji yakawa yanasimama, kiraka hakilinyanyui. Bomba lililokandamizwa likapoteza umbo, puto la kubebea kiraka halipiti. Bomba lenye nyufa mwanzo hadi mwisho halihitaji kiraka, linahitaji kuvalishwa ngozi mpya ndani kwa urefu wake wote. Kazi hiyo ya kuvalisha ndiyo iliyotangulia: mhandisi Eric Wood aliifanya London mwaka 1971, akiingiza mfuko wa kitambaa uliolowa resini, yaani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, ndani ya bomba la zamani. Kiraka chetu kinatumia wazo hilohilo kwa kipande kifupi.

Tufungue boksi. Hili ni puto la mpira mgumu, refu, lina magurudumu madogo ili lisiburuze kiraka kwenye sakafu ya bomba. Katikati lina njia tupu, maji kidogo yanaweza kupita. Hii ni mipira ya hewa, hizi ni fimbo za kusukumia zinazoungana, hii ni geji ya kupimia presha ya hewa. Kompresa tunatumia ya kujazia matairi, inatosha kabisa. Kisha kuna mkeka wa nyuzi za glasi, na makopo mawili ya resini ya silikati, moja kubwa na moja dogo, yanayochanganywa ndipo igande.

Mpira wa puto umenifurahisha. Ni mnene, maungio yake ya chuma yamebanwa sawasawa, na ukilijaza hewa nje linavimba sawa pande zote bila kutoa kinundu. Geji haijanifurahisha hata kidogo: namba ni ndogo na hakuna valvu ya kupunguza presha ikizidi. Puto la inchi 4 tunalijaza hadi baa 2 hivi, na ukizidisha ndani ya bomba lenye ufa unaweza kulipasua bomba zaidi. Nunua geji nyingine kubwa ya dukani, ifunge hapo. Maelezo nayo yameandikwa Kijerumani na Kiingereza tu, na mafundi wetu wengi hawatayasoma. Wauzaji, tafsirini karatasi hiyo, tafadhali.

Kwanza usafi. Tumekata mizizi kwa mnyororo unaozunguka, tumepiga maji ya presha, tumerudisha kamera kuhakikisha. Halafu hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: PVC ni laini ndani, resini haiishiki vizuri. Tumeikwangua kwa brashi ya chuma hadi ikapoteza mng'ao. Bomba la saruji au la udongo wa kuchoma linashika vizuri zaidi. Bomba jeusi la plastiki ya poli, resini hii haishikani nalo, msidanganyike.

Mkeka unakatwa upite eneo bovu kwa sentimita 20 kila upande, usiwe wa kubana palepale penye ufa. Ukilizunguka puto, ncha yake moja inapanda juu ya nyingine. Puto lenyewe tumelivisha nailoni kwanza, vinginevyo resini italigandisha humohumo ndani ya bomba, na hapo utachimba upende usipende.

Sasa resini, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ya joto letu. Vipimo ni sehemu 2 kwa 1 kwa ujazo, angalieni kopo lenu lisemavyo. Ukishachanganya, saa imeanza kukimbia. Muda ulioandikwa kwenye kopo ni wa nyuzi joto 20. Hapa mchana tunakaribia 30, na joto likipanda nyuzi 10, mmenyuko unakwenda karibu mara mbili. Dakika 20 za kwenye kopo zinakuwa 10 mkononi mwako. Kwa hiyo tumefanya asubuhi mapema, makopo yalilala chini kwenye sakafu ya ndani, na meza tumeiweka kivulini. Kuna resini ya msimu wa joto inayochelewa kukauka, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam akikuletea ya msimu wa baridi, mkatalie. Kopo likishafika na gari au treni, angalia tarehe. Kopo la kigumishi, yaani lile linaloigandisha resini, lisiingie unyevu, likishaanza kufanya utando juu halifai tena.

Tazama mkono wa kijana. Anamimina, anakoroga mpaka michirizi ya rangi mbili iishe yote, anamwaga juu ya mkeka na kusukuma kwa kibao kutoka katikati kwenda pembeni. Anatafuta madoa meupe. Doa jeupe ni nyuzi kavu, na nyuzi kavu ni njia ya maji. Anageuza, anarudia upande wa pili. Mkeka ulikuwa mweupe, sasa umebadilika rangi wote. Anaufunga kwenye puto kwa uzi mwembamba ambao utakatika puto likivimba. Glovu na barakoa ya kemikali amevaa, kwa sababu kigumishi kina kemikali iitwayo aisosayaneti, na hicho ukikivuta mara nyingi kifua kinaanza kukikataa, unapata pumu ya kazini. Vilevile hakuna mtu anayeingia shimoni wala kuinamisha kichwa ndani ya chemba. Gesi ya majitaka inaua mtu na inamuua anayemfuata kumwokoa. Puto linasukumwa kutoka juu.

Linaingia. Fimbo ina alama ileile ya mita tuliyoipata kwa kamera. Limefika, tunajaza hewa taratibu: moja... moja na nusu... hapo. Tumefunga.

Kuanzia sasa nyumba nzima hakuna maji yanayoshuka. Mama amefunga mlango wa choo kwa kanga na kuwapeleka watoto kwa jirani. Huo ndio ushirikiano ninaoutaka, kwa sababu ndoo moja ya maji ya kufulia ikimwagwa sasa hivi kazi yote imeharibika.

Resini iliyobaki tumeiacha kwenye kikombe, iwe kipimo cha kujua kiraka kimeganda, na kikombe tumekishusha kwa kamba hadi chini ya chemba, si juani. Ndani ya bomba kuna ubaridi kuliko hapa juu. Kikombe cha juani kitakuwa jiwe wakati kiraka bado ni laini, fundi anatoa hewa, kiraka kinaanguka. Sisi tunasubiri cha chini kigumu kabisa, kisha tunaongeza muda.

Haya, kimekuwa kigumu, kinagonga kama kigae. Tunatoa hewa, tunavuta puto, nailoni imekuja nayo safi. Kamera tena. Tazameni: kiraka kimelala pande zote, ncha zimeshuka bila ngazi, ufa hauonekani, mlango wa mizizi umefungwa. Unene ni milimita 3 hivi, kwa hiyo bomba limepungua kidogo, si kiasi cha kuzuia kitu. Tunamwaga ndoo ya maji yenye rangi kutoka chooni... yanapita, hayasimami.

Korido haijaguswa kigae hata kimoja. Hili kwangu lina uzito kuliko urembo wa sakafu. Kigoma tunakaa kwenye milima inayoshukia ziwani, mvua zikianza Oktoba na kwenda hadi Mei kila kinachovuja juu kinamfikia wa chini. Kipindupindu hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 2015 tulikiona kijijini Kagunga. Bomba linalovuja chini ya nyumba kwa miaka kwa sababu mwenye nyumba anaogopa gharama ya kuvunja, hilo ni jambo la mtaa mzima.

Kuhusu pesa: puto na fimbo unanunua mara moja, mkeka na resini zinaisha kila kiraka. Fundi mmoja mwenye kazi chache atapata hasara, resini itamfia stoo. Mafundi watatu au wanne wakichanga, na kamera ikiwa yao, inalipa. Mwenye nyumba usinunue boksi hili, tafuta fundi mwenye kamera, na udai video ya kabla na ya baada. Kona kali ya nyuzi 90 puto hili halipiti, na penye bomba la pembeni linaloingia, usiweke kiraka juu yake kama huna kifaa cha kulitoboa tena.

Mtakaoandika maswali, niambieni kwanza: bomba ni la aina gani, inchi ngapi, liko kina gani, na juu yake kuna nini. Mkiwa na picha ya kamera, itumeni.