Anywe Nini Mwenye Kisukari? Mpangilio wa Vinywaji vya Dukani na vya Mtaani

Nimevipanga vinywaji hivi kwa kuangalia sukari iliyomo katika kiasi ambacho mtu hunywa kweli kwa mkao mmoja, kwa kuwa lebo nyingi huhesabu kwa kila mililita 100. Ukigeuza chupa ya plastiki ya soda ya kola ya kawaida utakuta gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, tarakimu isiyomtisha mtu, lakini chupa yenyewe ni ya mililita 500, na hakuna anayeifungua ili anywe sehemu moja ya tano. Zidisha mara tano, utapata zaidi ya gramu 50, yaani vijiko vya chai kumi na viwili au kumi na vitatu, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliona kwamba ni vyema sukari ya namna hiyo isizidi takriban gramu 25 kwa siku nzima.

Nafasi ya kwanza ni ya maji, na hayahitaji utetezi. Niongeze tu kwamba kiu isiyokatika mara nyingi ni dalili kuwa sukari imepanda, na anayeituliza kwa soda huirudisha kwa nguvu zaidi baada ya muda mfupi.

Ya pili ni kahawa chungu na chai ya rangi isiyotiwa sukari. Kahawa ya buli inayouzwa barazani jioni ni ununuzi mzuri kwa mwenye kisukari, maana haitiwi sukari tangu jikoni na kikombe chake ni kidogo. Mtego uko kwenye sahani ya kashata iliyowekwa kando. Chai ina ugumu wake, kwani katika migahawa mingi sukari huchemshwa pamoja na majani na kumiminwa kwenye chupa ya chai kabla mteja hajafika, kwa hiyo ni lazima uagize ya kwako mapema. Tangawizi, hiliki au mchaichai huufanya ulimi usiulizie sana utamu uliokosekana.

Maziwa nimeyaweka nafasi ya tatu. Bilauri ya mililita 250 ina takriban gramu 12 za sukari yake ya asili, kwa hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya mlo, isichukuliwe kama maji ya kusindikizia chakula. Mtindi usiotiwa sukari unafaa vilevile, ila yogati ya vikombe yenye ladha ya matunda isomwe lebo kwanza, kwa sababu nyingi huongezwa sukari.

Soda isiyo na sukari, kwa kipimo nilichokitaja, ingestahili kukaa juu ya maziwa. Nimeishusha hadi nafasi ya nne kwa sababu hailishi mwili na huufanya ulimi uendelee kudai utamu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu mbadala visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na kwa mtu anayejaribu kuiacha soda ya kawaida naiona kuwa daraja linalofaa kupitiwa.

Dafu linafuata, na liwe moja. Maji yake yana sukari kidogo kuliko soda, lakini yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kudhoofika amuulize daktari kabla ya kulinunua.

Juisi ndizo zinazodanganya wengi kwa neno "asilia". Bilauri moja ya juisi ya machungwa hukamuliwa kutoka matunda matatu au manne, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio, na sukari huingia mwilini kwa kasi; chungwa moja la kumenya ni ununuzi bora zaidi. Ukwaju na rosela vyenyewe ni vikali, na ukali huo muuzaji huuficha kwa sukari. Niliwahi kumwomba muuzaji mmoja wa kituo cha daladala ukwaju usio na sukari, akachota kata kutoka kwenye ndoo ileile ya watu wote, akanihakikishia kwamba hakuweka nyingi. Tangu siku hiyo naloweka ukwaju wangu nyumbani.

Mkiani nimeweka soda za kawaida, vinywaji vya kuongeza nguvu, vinywaji vitamu vya kimea na juisi ya miwa, ambayo ni malighafi ya kiwanda cha sukari iliyokosa kukaushwa tu.

Hata hivyo, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamidi anunue chupa moja ndogo ya soda ya kawaida na kuitenga. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mikono ikatetemeka na jasho likamtoka, naye bado anajitambua na kuweza kumeza, anywe takriban mililita 150, kisha apime tena baada ya dakika 15, na ikiwa haijapanda anywe kiasi kilekile. Soda isiyo na sukari haimsaidii kitu saa hiyo, kwa hiyo chupa mbili hizo zisiwekwe pamoja kwenye friji, na watoto waambiwe mapema ni ipi isiyoguswa.