Boti nzuri, nahodha mlevi: tathmini ya matembezi ya jioni katika Ghuba ya Mwanza

Kwa upande wa vifaa, huduma ya kukodi boti tuliyoitumia kwa matembezi ya jioni kutoka Mwanza mjini inastahili sifa, kwani boti ni ya faiba na imetunzwa, jaketi okozi zilimtosha kila abiria zikiwemo za watoto, na bei haikupandishwa tulipofika ufukweni. Hata hivyo siwezi kumshauri mtu yeyote aikodi, kwa sababu nahodha alilewa kazini na uongozi haukuona tatizo.

Kifurushi chao kina nyama choma na kreti la bia kwenye kisiwa kidogo, na nahodha, kwa ukarimu wetu wa kawaida, alikaribishwa kula pamoja na wageni, akashushia chakula kwa chupa kadhaa. Giza lilipoingia aliyumba akiwa bado nchi kavu, nasi tukakataa kupanda mpaka msaidizi wake, ambaye hakuwa ameonja kitu, alipokubali kuendesha.

Anayelijua ziwa hili ataelewa hofu yetu. Maji ya Mwanza yana miamba mingi, mingine imejificha chini kidogo ya uso wa maji, na usiku huvuka mitumbwi ya wavuvi ambayo taa zake huonekana kwa shida. Boti haina breki; anayeiendesha hutegemea macho na wepesi wa uamuzi, na vitu hivyo viwili ndivyo pombe huviharibu kwanza, tena jua, upepo na mngurumo wa injini vikiwa vimekwisha kumchosha. Abiria mlevi naye akitumbukia hupoteza joto la mwili upesi kuliko aliye timamu.

Nilipolalamika ofisini niliambiwa kwamba nahodha huyo analijua ziwa hata akifumba macho, na kwamba hatukuwa mbali na nchi kavu. Jibu hilo la pili lilinikera zaidi. Feri ya MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 20, 2018 na kuua watu 228, ilikuwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara. Sisemi kwamba pombe ilikuwa chanzo cha ajali hiyo, ila ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa.

Walinipa punguzo la safari ijayo, kana kwamba nililalamikia nyama mbichi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja kuwa kosa la jinai tendo la kuendesha chombo cha majini kwa uzembe unaohatarisha maisha ya watu, na abiria akifa, shtaka laweza kuwa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Kwa mabaharia wa meli za kimataifa, marekebisho ya Manila ya 2010 ya mkataba wa STCW, unaohusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, yaliweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Boti ya matembezi haimo katika mkataba huo, lakini kipimo hicho kingemfaa mmiliki yeyote anayetaka kanuni ya kuwapa manahodha wake.

Vifaa nawapa alama nne kati ya tano, usalama sifuri. Anayetaka kukodi boti ya jioni, kwao au kwingine, aulize kabla ya kulipa arubuni ni nani atakayeendesha wakati wa kurudi, na chakula cha nahodha kiagizwe pamoja na soda. Malalamiko kuhusu usalama wa vyombo hupokelewa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na yangu nimekwisha kuyaandika.