Cinque Terre kwa siku moja: ziara ya kuongozwa kutoka Firenze, uzoefu wangu

Naanza na jibu la swali ambalo wengi wameniuliza, kama ziara hii inastahili pesa yake: ndiyo, pesa yangu haikupotea. Nililipa zaidi kidogo ya yuro 100 kwa ziara ya kutwa kutoka Firenze hadi Cinque Terre, vile vijiji vitano vya rangi rangi vilivyong'ang'ania majabali ya pwani ya Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Bei ilijumuisha basi, tiketi za treni, mashua na mwongozaji. Chakula ni juu yako. Ila sikutoka pale nikisifu zile nyumba za waridi na manjano ambazo kila mtu ameziona kwenye picha. Nilitoka nikisifu mashamba yaliyo juu ya nyumba, na mwongozaji aliyekuwa na akili ya kutupandisha huko.

Mimi ni mtu wa Malindi na kazi yangu ni ya hoteli. Waitaliano nimewahudumia tangu ujana, na Kiitaliano nimekiokota kwao kama walivyofanya wengi mjini kwetu. Nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa Firenze, nilitaka sana kuona wao nao wanapokeaje wageni kwao. Kwa hiyo nilisafiri kama mteja, lakini jicho la kazi halilali.

Tuliondoka saa moja asubuhi karibu na stesheni ya Santa Maria Novella, mwishoni mwa Septemba. Mwendo ni kama saa mbili na ushei hadi mji wa La Spezia. Keti upande wa kulia wa basi ukiweza, maana mnapokaribia Carrara milima inaanza kung'aa nyeupe, na nusu ya abiria wakauliza kama ni theluji. Ni marumaru. Mawe ya milima hiyo ndiyo Michelangelo aliyoyafuata alipotaka kuchonga, na mpaka leo yanachimbwa.

La Spezia basi linaachwa, mnaingia treni. Hili ni jambo la kulielewa kabla hujafika: gari halina nafasi huko. Barabara za kushuka vijijini ni nyembamba na zenye kona, na ndani ya vijiji watu hutembea kwa miguu. Reli ndiyo uti wa mgongo. Ilitobolewa ndani ya majabali karne ya 19, na kabla yake watu walitegemea mashua au njia za nyumbu. Kati ya kijiji na kijiji ni dakika chache tu, nyingi zake gizani ndani ya mahandaki, halafu bahari inachomoza dirishani ghafla na kupotea tena.

Kituo cha kwanza kilikuwa Manarola. Ukishuka kuelekea majini unakuta mashua zimepandishwa na kuegeshwa barabarani, mbele ya milango ya watu, kwa sababu bandari yenyewe ni kijiufa tu katikati ya miamba. Kundi zima lilikimbilia mahali pa kupigia picha. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyejitambulisha kuwa mzaliwa wa Riomaggiore, kimoja cha vijiji hivyo vitano, na binti wa mkulima wa zabibu, alitungoja kwa subira, kisha akasema: "Sasa ipeni bahari mgongo." Tukageuka. Na hapo ndipo ziara ilipoanza kwangu.

Juu ya nyumba, mlima mzima umekatwa matuta. Tuta juu ya tuta, mpaka shingo inauma kwa kutazama, na kila moja limezuiwa na ukuta wa mawe. Alitupandisha kwa kijia cha vidato vibovu hadi katikati ya mizabibu, tukasimama kwenye tuta lisilozidi upana wa chumba kidogo. Kuta zile hazina chokaa wala saruji. Jiwe limechaguliwa likae juu ya jiwe, na nyuma yake kokoto na udongo. Mtu mmoja katika kundi akauliza kwa nini wasizipige saruji ziwe imara. Mama yule akaeleza vizuri sana: mvua ikinyesha, maji lazima yapate pa kupitia. Ukuta wa mawe matupu unayaachia yapenye taratibu. Ukiuziba, maji yanajaa nyuma, yanasukuma, na siku moja unaanguka wote pamoja na shamba lako. Ufundi huo wa kujenga kwa mawe matupu UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2018, kwa jina la Italia na nchi nyingine kadhaa. Vijiji vyenyewe na mandhari yake viliorodheshwa tangu 1997, na mwaka 1999 eneo likafanywa hifadhi ya taifa.

Matuta hayo yamejengwa kwa mikono kwa takriban miaka 1,000. Tulipomuuliza mwongozaji kuhusu uvuvi, alituambia watu wa hapa walikuwa wakulima zaidi kuliko wavuvi, isipokuwa Monterosso ambako dagaa wa chumvi wana jina kubwa. Ile hadithi tamu kwamba nyumba zilipakwa rangi ili kila mvuvi aitambue yake akiwa baharini aliisimulia, kisha akatuomba tusiishike sana. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi nimesikia waongozaji wengi, kwetu na kwingine, wakimwachia mgeni hadithi kwa sababu mgeni ameipenda.

Tulibahatika kukuta mavuno. Kuna kireli kimoja cha chuma kinachopanda mlima wima, na juu yake kijitreni cha injini kinabeba makreti ya zabibu. Bila hicho, mizigo yote ilikuwa mabegani na vichwani. Zabibu ni za aina tatu hasa, Bosco, Albarola na Vermentino, na nyingine hutandazwa zikauke ndipo zikamuliwe kupata mvinyo mtamu wa Sciacchetrà, ambao ni ghali kwa sababu zabibu nyingi hutoa kidogo sana. Ziara ina kipengele cha kuonja. Nilisema mapema kwamba situmii pombe, nikaletewa maji ya malimau ya huko huko, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Yule mama alituonyesha pia tuta lililoanguka. Mwenye shamba alizeeka, watoto wakaenda mjini, magugu yakaingia, nguruwe mwitu wakafukua, na ukuta ukatoa tumbo kisha ukamwagika. Ukuta mmoja ukienda, wa chini yake unabeba uzito usio wake. Niliposikia hivyo nilielewa kitu ambacho picha haziwezi kukuambia: mashamba ndiyo yanayozuia mlima usishuke juu ya nyumba. Wakazi wa vijiji vyote vitano hawafiki 5,000, na wanaoweza kujenga ukuta ni wachache kuliko hao, ilhali wageni huhesabiwa kwa mamilioni kila mwaka.

Vernazza ilitupa ushahidi. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha matope na mawe juu ya Vernazza na Monterosso. Watu walikufa. Vernazza, orofa za chini katika barabara kuu zilizikwa, na kazi ya kuchimba na kufufua maduka ilichukua miezi mingi. Leo ukitembea pale hadi uwanja mdogo wa bandarini, na kanisa la Santa Margherita di Antiochia likikutazama karibu na maji, huwezi kuamini. Ndicho kijiji kizuri kuliko vyote kwa macho yangu.

Na hapo ndipo ninapoanza kulalamika. Kijiji kizuri kuliko vyote tulipewa kama dakika 40! Ukitoa muda wa kutoka stesheni (jukwaa lenyewe nusu liko ndani ya handaki, na msongamano wake unatisha) na foleni ya choo, kinachobaki ni kwenda na kurudi. Kundi letu lilikuwa na zaidi ya watu 40. Vile vifaa vya masikioni tulivyogawiwa vilikoroma kila tukipinda kona, kwa hiyo waliokuwa nyuma walikosa nusu ya maelezo, na maelezo ndiyo mali pekee ya ziara kama hii. Kampuni iliyotupeleka siitaji, ila tangazo lake lilisema "vijiji vitano", nasi tulikanyaga vinne. Corniglia tuliitazama kutoka baharini. Najua sababu: Corniglia iko juu ya jabali, kama mita 100 kutoka usawa wa bahari, haina bandari, na kutoka stesheni unapanda vidato karibu 380 au ungoje kibasi. Kwa kundi la watu 40 haiwezekani. Basi waandike vinne. Mgeni akiambiwa ukweli mapema hanuni, hili nalijua kwa kazi yangu.

Mchana tulikuwa Monterosso, kijiji kikubwa kuliko vingine na chenye ufuo wa mchanga wa kueleweka. Tulipewa kama saa mbili za kula na kuogelea. Sehemu kubwa ya ufuo wa Fegina ina miavuli ya kulipia, sehemu ya bure ni ndogo na hujaa. Mwisho wa ufuo kuna mabaki ya sanamu kubwa ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale, ya mwaka 1910, aliyevunjwa vunjwa na mabomu ya Vita vya Pili na mawimbi. Kanisa la San Giovanni Battista lenye milia ya nyeupe na kijani kibichi cha giza linastahili dakika zako kumi.

Chakula nakisifu bila kusita. Kwa Waislamu wenzangu mnaohofia nyama ya nguruwe, Liguria ni mahali pepesi kuliko sehemu nyingi za Italia. Kuna focaccia, mkate bapa wa mafuta ya zeituni na chumvi, mtupu au wa vitunguu. Kuna farinata, unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi, umeokwa kwenye sinia pana la shaba mpaka juu unakauka na ndani unabaki laini. Aliyekulia kwenye bajia za dengu hatauona ugeni. Kuna pesto, mchuzi wa mrehani uliopondwa na kitunguu saumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari. Kwetu mrehani ni wa nywele na wa maharusi, na ilinichukua muda kuuzoea sahanini, lakini ulipokubali ulikubali. Nami nilinunua karatasi iliyokunjwa ikajazwa ngisi na dagaa wa kukaanga moto moto, kama yuro 10, nikala nimekaa ukingoni mwa bahari. Mikahawa ya mezani ni ghali na huduma ni ya haraka haraka wakati wa msimu, sikuona sababu ya kuingia.

Kisha mashua, kutoka Monterosso hadi Riomaggiore. Kampuni huandika kwamba ni "bahari ikiruhusu", na ni kweli, mawimbi yakiwa makubwa mnarudishwa kwenye treni. Siku yetu iliruhusu. Ukiwa baharini unaona mlima wote kwa mara moja: vijiji ni vitone vidogo vya rangi, na juu yake mistari ya matuta imepangwa kama uzi wa mkeka. Lakini unaona vilevile mahali ambapo mistari imekatika na kichaka kimemeza shamba. Mwongozaji alisimama mbele na kutuonyesha kwa kidole ni matuta gani bado yana mwenyewe. Vifaa vya masikioni havikuhitajika, watu walinyamaza wakamsikiliza.

Riomaggiore tulifika tumechoka, na muda uliobaki ulitosha kupanda barabara kuu na kushuka. Wengine walitaka ile njia maarufu ya Via dell'Amore, inayokwenda hadi Manarola kwa umbali usiofika kilomita moja. Ilifungwa mwaka 2012 mawe yalipoporomoka na kuwajeruhi watalii, ikafunguliwa tena 2024. Sasa unalipa na kuhifadhi saa yako kabla, na ziara yetu haikuiweka kwenye ratiba. Ukiitaka, hakikisha imeandikwa. Firenze tuliingia yapata saa mbili usiku.

Kwa nani naipendekeza? Mtu mwenye siku moja tu, asiyetaka kuhangaika na ratiba za treni, na mwenye magoti mazima. Mzee mmoja katika kundi letu alilazimika kubaki mkahawani Manarola tulipopanda matutani, na hakuna aliyemwonya alipokuwa akinunua. Vaa viatu vya kufunga. Hifadhi haitaki mtu apite njia za milimani na ndara, na inaweza kukupiga faini. Usiende Julai wala Agosti kama una hiari. Ukijua kusoma ratiba na unakaa karibu, panda treni mwenyewe na ununue kadi ya siku ya hifadhi inayojumuisha treni za kati ya La Spezia na Levanto, ambayo bei yake hupanda na kushuka kwa msimu. Utapata muda zaidi Vernazza, lakini utamkosa yule mama.

Kabla ya kulipa kampuni yoyote, uliza mambo mawili: kundi lina watu wangapi, na je, mnapanda mashambani au mnazunguka bandarini tu. Nami nilipomuuliza mwongozaji wetu nirudi vipi, aliniandikia njia kwenye kikaratasi: Manarola, kupanda hadi kitongoji cha Volastra, kisha kuambaa na mizabibu mpaka Corniglia. Saa tatu za mguu kwa mtu asiye na haraka, alisema, na nibebe maji ya kutosha.