Masomo manane ya Kituruki kabla ya likizo ya Istanbul: uzoefu wangu

Nilianza na programu ya bure ya simu. Baada ya wiki tatu nilikuwa najua kusema kwamba mtoto anakula tufaha, na safari ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Nikaifuta, nikatafuta mwalimu.

Niliyempata ni Mturuki aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, anafundisha kwa Kiswahili, kwa simu ya video. Masomo manane ya dakika 45, kila somo shilingi 15,000. Jumla laki moja na ishirini.

Siku ya kwanza aliniuliza: "Ukimpita fundi yuko kazini, unamwambiaje?" Nikamjibu, pole na kazi. Akasema, "Basi sisi tunasema kolay gelsin." Maana yake, kazi na ije kwa wepesi. Hapo ndipo nilipoona hela yangu haitapotea, kwa sababu masomo yote yalikwenda hivyo: kwanza kile tunachosema sisi, kisha chao. Aliyeugua au aliyepatwa na jambo, ambaye sisi tungempa pole, anaambiwa geçmiş olsun, liwe limepita. Aliyekupikia anaambiwa elinize sağlık, afya kwa mikono yako. Anayekula, afiyet olsun, na hiyo afiyet ni afya yetu hii hii. Mwanamke wa makamo unamwita teyze, mwanamume aliyekuzidi kidogo abi. (Neno letu "kaka" liache nyumbani. Kwao ni neno la kitoto la kinyesi.)

Mengine tunayo tayari, kwa kuwa wao na sisi tumechota Kiarabu: saat, dakika, kitap, kalem, haber, dünya, sabun. Ukimaliza kula unasema hesap lütfen, hesabu tafadhali. Kusoma nako si kazi kubwa. Tangu mwaka 1928 wanatumia herufi za Kilatini, ziko 29, na karibu kila herufi ina sauti yake kama kwetu. C inasomwa j, ç ni ch, ş ni sh. Iliyonitesa ni ı isiyo na nukta, ambayo unaitamka kama i huku ulimi umeurudisha nyuma.

Siku ya pili Istanbul tulivuka kwa kivuko kutoka Eminönü hadi Kadıköy, mimi na mama yangu. Kwenye mgahawa mdogo karibu na soko alikaa mama mmoja mbele ya meza fupi ya duara, anasukuma gözleme kwa fimbo nyembamba ndefu. Ni kama chapati, ila nyembamba zaidi, inakunjwa na jibini au spinachi ndani. Nikamwambia, "Kolay gelsin, teyze." Fimbo ikasimama. Akainua uso, akasema, "Sağ ol kızım," ahsante binti yangu, kisha akaniuliza natoka wapi. Tanzanyalıyım, nikajibu, neno la somo la tatu. Akatuvutia viti mwenyewe. Tulipomaliza nikamwambia elinize sağlık, akaweka mkono wenye unga kifuani.

Kisha nikauliza bei, nikakwama. Alisema "yüz elli" mara mbili, mimi namtazama tu. Mwishowe akaandika 150 kwa kidole kwenye unga uliotapakaa mezani. Hili ni kosa la masomo, na nimeshamwambia mwalimu: tarakimu aliziweka somo la nane, akanifundisha bir mpaka on, moja hadi kumi, basi. Bei za kule ziko kwenye mamia. Yüz, mia moja, lingepaswa kuwa somo la pili.

Kasoro nyingine ni ishara za mwili, hakuzigusa kabisa. Mama aliomba maji ya moto dukani, muuzaji akainua nyusi na kupiga ulimi "cık". Kwa mama yangu huo ni msonyo, na kusonywa na kijana mbele za watu si jambo dogo. Alitoka dukani kimya, hakusema neno mpaka hotelini. Ndiko kijana wa mapokezi akatueleza kwamba kule hiyo ni "hapana" ya kawaida, "hakuna", yok. Jambo la kueleza kwa dakika mbili lilimharibia mama mchana mzima. Na merhaba nayo ielezwe vizuri zaidi kwa watu wa kwetu: ni salamu ya kuanzia, hata mdogo humwambia mkubwa, wakati sisi marahaba ni jibu la shikamoo.

Pia mwalimu aliahirisha somo mara mbili, mara moja zikiwa zimebaki dakika kumi. Alifidia yote, lakini mtu anayetoka kazini akikimbilia somo anaumia.

Ningelipa tena? Ndiyo, bila kusita. Kama unakwenda kwa siku chache na hoteli yako ina wanaojua Kiingereza, utaishi bila masomo. Ila kama unataka kula sokoni, kupanda dolmuş, yaani daladala zao, na kukaa na watu, tafuta mwalimu anayejua Kiswahili, mwombe tarakimu hadi elfu kwenye somo la kwanza, na mwambie akuoneshe kwa uso wake jinsi Mturuki anavyokataa.