Unga wa mkaa wa kung'arisha meno: nyota moja, nayo ni ya kopo

Nianze na kopo maana ni zuri, kifuniko kinakaza vizuri, na sasa naweka vifungo na sindano humo. Sifa ziishie hapo.

Niliununua nikitaka meno meupe. Siku za mwanzo yaling'aa kweli, nikawa nacheka hata pasipo cha kuchekesha. Kila asubuhi nakunywa maji ya limau, na kabla glasi haijakauka nimeshashika mswaki mgumu na ule unga, nasugua kwa nguvu zote. Ukitafuna kidogo unasikia chengachenga kama mchanga. Hilo tu lingetosha kunishtua, lakini wapi.

Haukupita muda maji baridi yakaanza kunichoma. Ganzi ya ndimu tunaijua, inakuja na kuondoka. Hii ilikuwa ni sindano inayoingia kwenye jino la juu kushoto na kutokea jichoni.

Nikaenda kwa daktari wa meno. Kijana mdogo, ningeweza kumzaa. Akapitisha kile kioo chake, akanyamaza, kisha akauliza: "Mama, haya meno yamekukosea nini?" Halafu akamwita msaidizi aje aone! Mimi nimelala kwenye kiti, mdomo wazi, mrija wa mate unakoroma shavuni, sina hata pa kupitishia neno. Msaidizi akacheka, wala hakujitahidi kujizuia. Nilitoka pale nimeapa sirudi, na nyota yake moja nilikuwa nimeshamwandalia.

Sasa tatizo ni kwamba alisema kweli. Alinipa kioo nijionee: karibu na ufizi kuna vijifuo, yaani vijifereji vidogo, ukipitisha ukucha unakwama. Ncha za meno ya mbele zimekuwa nyembamba hadi mwanga unapenya. Akanieleza kwamba enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haina uhai wa kujijenga upya, kwa sababu seli zilizoitengeneza hutoweka jino likishaota. Ikikwanguka, imekwenda. Tena pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, ikiwa chini ya 5.5 hivi asidi huanza kunyonya madini yake, na juisi ya limau iko kwenye 2 na kidogo. Uso wa jino hulainika kwa muda mpaka mate yaizimue asidi na kurudisha madini. Ndiyo saa hasa niliyokuwa nachukua mswaki! Nalainisha kwa limau, nakwangua kwa mkaa. Na chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni ya njano, kwa hiyo kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyoisogelea njano. Nilinunua weupe jamani.

Haki itendeke: mswaki mgumu na limau ni vyangu, unga haukunishika mkono. Nilikuwa hata tayari kuupa nyota mbili. Kisha nikasoma kopo upya. Floraidi, ile ya kuimarisha meno, hakuna hata chembe, halafu maelekezo ni sentensi moja: "Sugua mpaka uone tofauti." Tofauti nimeiona. Nyota ya pili nimeirudisha mfukoni.

Sasa natumia mswaki laini, naushika kwa ncha za vidole kama kalamu, na dawa ya kawaida yenye floraidi 1,450 ppm, yaani sehemu 1,450 katika kila milioni. Natema povu bila kusukutua. Nikinywa kitu kichachu nasukutua kwa maji matupu, nasubiri kama saa nzima ndipo nipige mswaki. Mchomo umepungua sana, ingawa vijifuo viko palepale na havitajaa vyenyewe.

Yule kijana nimempandisha hadi nyota tatu. Nne, kama angeuliza kwa sauti ya chini. Amenipangia nirudi azibe vile vijifuo, na nitakwenda. Ila akimwita tena yule msaidizi wake, naufunga mdomo na kidole chake kikiwa ndani.