Kibanda cha pweza Mikindani: wanachelewa, lakini kaeni nje

Msimu huu wa korosho nimeshusha lori la korosho kutoka Newala kuja bandarini Mtwara mara sijui ngapi. Foleni ikinilaza, usiku nakwenda kula Mikindani, kibanda kimoja ufukweni. Hakina bango, uliza kwa mama wa pweza.

Niseme ukweli, wanachelewesha. Katikati ya Desemba niliagiza changu wa kuchoma na mihogo saa mbili usiku. Saa tatu na robo bado naambiwa, "Inakuja suka, moto wa vifuu umelegea." Mara umeme nao ukakatika, kiza totoro. Nikainuka niondoke.

Ndipo kikapita kimondo. Kilitokea upande wa bahari, kijani kama taa ya ubavu wa kulia wa meli, kikapita juu ya minazi taratibu kuelekea bara, mkia rangi ya chungwa, cheche zikidondoka. Sekunde tano hivi. Chupa yangu ya soda ilitoa kivuli mezani, na kivuli kikazunguka chupa kama mshale wa saa. Kisha kimondo kikakatika vipande vitatu, kiza kikarudi.

Mama akasema, "Audhubillahi!" Mzee mmoja mvuvi, bila kuacha kutafuna, akasema shetani kapigwa kimondo. Meza ya pili alikuwapo mwalimu wa fizikia. Akatueleza kwamba kila katikati ya Desemba dunia hukatiza kwenye vumbi la jiwe la angani liitwalo Phaethon, na punje zake huingia hewani kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde. Kijani kile, anasema, mara nyingi ni magnesi inayowaka. Njano ni sodiamu. Akatuomba tunyamaze: kikipasuka kilomita 60 juu, mlio unaweza kuchukua dakika tatu kutufikia.

Tukanyamaza watu wazima kumi na kitu, masikio juu. Mlio haukuja. Ikaja harufu ya pweza anaungua, maana mchomaji naye alikuwa ametazama juu muda wote huo.

Changu wangu alinusurika. Ngozi kavu, nyama laini, ukwaju wenye pilipili ya kutoa kamasi. Elfu nane na mihogo yake, sioni ghali. Pweza kipande 500, ila kile cheusi nilipewa bure na nilikimaliza.

Chukueni meza ya mwisho, karibu na mitumbwi, na mwagize kabla njaa haijauma.