Kitochi cha mama kililia angani, akaambiwa asidanganye

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikafuta. Usiku mama alipokwenda kulala nikaweka tatu, asubuhi nikaamka na hasira zangu zote nikarudi kwenye mbili. Shirika silitaji kwa sababu mama kanikataza, ila waliopanda pangaboi la asubuhi kutoka Mwanza kwenda Dar juzijuzi hapa wanajijua. Ile kengele waliisikia ndege nzima.

Tulikuwa mimi na mama tu. Ana miaka sabini na ushee na hajawahi kupanda ndege maishani. Anakuja Dar kumwona mjukuu wa dada yangu, na kwa basi ni mchana na usiku, miguu inavimba hadi viatu havivuki. Watoto tukachangishana. Tiketi si bei ya kuchezea, ndiyo maana nataka kusema na moyo wangu utulie.

Mama ana kitochi. Hataki simu nyingine, tumemnunulia mbili za kupangusa na zote amegawa. Kitufe cha tano kimefutika, mfuniko wa nyuma umeshikiliwa na mpira wa bendi. Kina kazi mbili: kupokea simu zetu, na kumkumbusha dawa ya presha, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kengele hiyo niliitegesha mimi kwa mkono wangu, sauti ya juu kabisa, maana sikio lake la kushoto limechoka. Kumbukeni hilo, litanirudia.

Tumekaa, mikanda imefungwa, tangazo likaja. Kiingereza kwanza, cha kunyooka. Kisha Kiswahili, kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na nyuki: abiria mnaombwa kuzima vifaa vyote vya kielektroniki au kuviweka katika hali ya ndegeni. Mama akanigeukia. "Hali ya ndegeni ndiyo ipi, baba? Si tumo ndegeni tayari?" Nikacheka, nikamwambia yake izimwe tu. Akabonyeza kile kitufe cha juu, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Nimeona kwa macho yangu. Akakifunga kwenye leso, leso akaifunga kwenye pindo la khanga, pindo akalichomeka kiunoni. Mkanda ukapita juu yake.

Mhudumu akapita kukagua. Binti mdogo, makamo ya mpwa wangu wa chuo. "Mama, simu umezima?" Mama akatikisa kichwa kukubali. Shikamoo hakuna. Nikajisemea sawa, huenda ana abiria wengi. (Ndege ndogo hiyo, si treni, lakini sawa.)

Safu mbili mbele yetu kulikuwa na bwana wa suti. Ndege imeanza kutembea kwenye lami, yeye bado yuko hewani na mtu wake wa kokoto, spika wazi: "Mwaga tripu mbili hapo, ya tatu nisubiri!" Binti akainama, tabasamu mpaka kwenye masikio. "Bosi wangu, naomba tuweke simu pembeni kidogo." Bosi wangu! Bosi akainua kidole kuomba dakika, akapewa dakika.

Tukaruka. Mama ameshika mkono wangu, anaangalia mawe ya Mwanza na ziwa likisogea chini, anasema kumbe ziwa lina mwisho. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Chai ikaanza kugawiwa.

Saa mbili kamili, kiuno cha mama kikalia.

Aliyewahi kuwa na kitochi anaijua hiyo sauti. Haina muziki, ni mlio mkavu unaopenya mfupa, na kila sekunde zinavyokwenda unaona kama unaongezeka. Mama akapapasa. Pindo liko chini ya mkanda, mkanda umebana, fundo la leso kalifunga kama la hela ya kikoba. Nikaingiza mkono kusaidia, nikamwaga chai. Watu wanageuka. Bosi wa kokoto naye anageuka, uso umekunjwa, mtu wa kanuni!

Binti akafika. "Mama, si nilikwambia uzime simu?"

"Nimeizima, mwanangu."

"Umezima inaliaje? Mama, usinidanganye."

Hapo ndipo zilipopotea nyota tatu. Mama yangu ni mtu ambaye akizidishiwa chenji sokoni anarudi kwa mguu kuirudisha. Kuambiwa "usinidanganye" mbele ya watu, na mtoto anayeweza kuwa mjukuu wake, ambaye hata hajamwamkia! Kijana wa nyuma yetu akajaribu kuokoa: "Dada, hizi simu kengele inalia hata ikiwa imezimwa." Akajibiwa asimfundishe kazi. Binti akavuta kile kifurushi kilipochomoka, mpira ukakatika, mfuniko huko, betri ikateleza chini ya viti ikaishia miguuni mwa mtu mwingine. Kimya. Binti akaokota vipande vyote, akaondoka navyo mbele.

Mama akasema, "Asante, mwanangu."

Hiyo asante ilinikaba koo mpaka Dar. Sikunywa tena chai yenyewe.

Nilipofika nikaketi kuandika barua ya malalamiko, na kwa kuwa sipendi kushindwa katika mabishano, nikaanza kusoma habari za simu na ndege ili nimmalize kwa hoja. Ndipo mambo yakaniharibikia. Nilidhani nitakuta kwamba katazo lenyewe ni mazoea ya zamani. Kwa sehemu ni kweli: Marekani walilegeza mwishoni mwa Oktoba 2013, abiria akaruhusiwa kutumia kishikwambi chake hata ndege ikipaa na kutua, mradi kiko katika hali ya ndegeni, na Ulaya wakafuata kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki kukatazwa kwao ni kupiga simu kwa mtandao wa kawaida, na katazo hilo kule Marekani ni la tangu 1991, tena sababu yake kubwa ilikuwa minara ya simu iliyoko chini. Simu iliyo juu inaiona minara mingi kwa mpigo na kuivuruga.

Ila vitochi. Mnaikumbuka redio ya nyumbani inavyotoa ule mlio wa di-di-di, di-di-di, nusu sekunde kabla simu iliyo pembeni haijaita? Hicho ni kitochi kinaongea na mnara. Simu za mtandao wa 2G zinaweza kutoa hadi wati mbili, na mnara ukiwa mbali ndipo zinapopiga kelele zaidi kuutafuta. Marubani huusikia mlio huohuo kwenye hedifoni zao wakati wanasikiliza waongozaji. Ndege haitaanguka kwa hilo, lakini hebu fikiria unapewa namba ya kimo cha kushuka na katikati ya namba inaingia di-di-di. Kwa hiyo kati ya simu yangu ya kupangusa na kakitochi ka mama, cha kuogopwa zaidi kilikuwa kile cha mama. Niliposoma hapo niliifunga kompyuta nikatoka nje.

Nikaongeza nyota. Ndiyo hiyo tatu ya usiku.

Lakini subirini. Simu ilikuwa imezimwa! Vitochi vya Nokia vya zamani na ndugu zake vimeundwa hivyo, ukikizima kengele inabaki macho. Muda ukifika kinalia, kisha kinakuuliza kama unataka kukiwasha. Mpaka ukubali, hakitafuti mnara wala hakiongei na mtu. Ni saa ya mezani tu kwa wakati huo. Kijana wa nyuma alikuwa sahihi, mama alikuwa sahihi, na binti alikuwa na kanuni sahihi mkononi akaipiga kwa mtu asiye na kosa. Aliyekuwa akitafuta mnara kweli ni yule wa tripu tatu za kokoto.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo lililonirudisha chini asubuhi. Wakati tunapanda, pale chini ya ngazi, walitunyang'anya vibegi vya mkononi kwa kuwa pangaboi lina makabati madogo, vikaenda tumboni mwa ndege. Changu kilikuwa na pawabenki ndani, ya 20,000. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna! Sheria ya dunia nzima ni kwamba pawabenki na betri za akiba hazikai tumboni, zinakaa na abiria, ili zikishika moto mtu aone na azime. Yangu ni kama saa-wati 74 (ndicho kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), chini ya kikomo cha 100, kwa hiyo kuibeba naruhusiwa, ila kwenye mkono na si chini ya miguu ya watu gizani. Januari 2025 ndege iliungua pale Busan, Korea Kusini, ikiwa bado chini uwanjani, na moto ulianzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Pawabenki ndiyo iliyoshukiwa, na baada ya hapo mashirika kadhaa yakaanza kukataza hata kuchajia nayo simu safarini. Sisi tunapambana na kengele ya dawa ya presha huku betri za watu zimelala pamoja na dagaa.

Na mimi nilinyamaza, nakiri. Nilikuwa na haraka ya kumkalisha mama dirishani, hata sikuikumbuka.

Basi ingekuwa moja, imekwisha, kama si pale mlangoni Dar. Sijui nifanye nini na hili, nalisimulia lilivyo.

Abiria wanashuka, binti amesimama mlangoni anawaaga watu. Mama akafika mbele yake. Binti akatoa kitochi mfukoni mwa koti. Kimeunganishwa, betri ndani, mfuniko umekaa, na pale palipokuwa na mpira wa bendi pamezungushwa mpira mweusi wa nywele, mara mbili, umekaza vizuri kuliko ule wa kwanza. Nikatazama kichwa chake. Asubuhi nywele zilikuwa zimebanwa nyuma kwa fundo, sasa zimeshikiliwa na vibanio viwili vya chuma na upande mmoja unalegea.

"Mama, simu yako." Ndiyo maneno yote. Samahani hakusema, wala shikamoo.

Mama akakipokea kwa mikono miwili, akamtazama usoni, akajibu kwa sauti ya taratibu kabisa:

"Marahaba, mwanangu."

Ni lile sikio la kushoto lilimdanganya au alifanya makusudi, mpaka leo sijapata jibu. Nimemuuliza mara mbili, ananiambia nimpishe. Binti aliinamisha macho, midomo ikacheza kama anataka kusema, abiria wa nyuma wakatusukuma tukashuka.

Barua sijaituma. Mwenye mzazi wa kitochi asikie: kabla ya kupanda, ingia kwanza kwenye kengele uifute, ndipo uzime simu. Au toa betri kabisa. Na kibegi kikichukuliwa chini ya ngazi, toa pawabenki uibebe mkononi, usingoje kuulizwa, kwa sababu hutaulizwa.

Tunarudi Mwanza wiki ijayo, shirika lilelile. Mimi nilitaka tubadilishe, mama amekataa, anasema anataka kukaa dirisha la upande wa pili. Nimemwomba kile kitochi nifute kengele ya asubuhi mapema kabla sijasahau. Amenijibu nisiushike ule mpira, nitaukata.